Betri ya Tabita Haifiki Saa Nane

Simu ya Tabita ilikuwa inakufa kila siku kabla ya saa nane mchana, na mwenyewe wala hakushtuka. Asubuhi ilitoka nyumbani, mtaa wa Sogea, imejaa mia kwa mia, ungedhani itamaliza wiki. Saa tatu, akiwa anapanga vitenge mezani, ilikuwa sabini. Saa tano, arobaini na mbili. Kisha, bila onyo wala kwaheri, kioo kinakuwa cheusi. Ukiiwasha inakuonyesha asilimia tatu na kuzima tena, kama mtu aliyefumbua jicho moja kukuhakikishia kwamba amelala. Tabita aliitia kwenye mfuko wa aproni akaendelea kukunja kitenge.

Usidhani hakujua dawa yake. Alijua, na soko zima la Tunduma lilijua. Kwa Gasper, fundi simu wa kule karibu na mpaka, kulikuwa na betri mpya, imelipiwa tangu mwezi wa nne, imefungwa kwa karatasi iliyoandikwa "Mama Lusungu", inamngoja kwenye droo. Mwezi wa nne ukaisha, wa tano ukaisha, wa sita ukaingia na baridi yake. Betri iko kwenye droo, Tabita yuko mezani, na kati yao ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Sasa hebu niambie, mtu mzima mwenye akili zake anakosaje dakika kumi kwa miezi miwili?

Hilo ndilo alilouliza Violet, muuza viatu vya mtumba wa meza ya pili, mwanamke ambaye Mungu alimpa mdomo kwanza, mengine akamwongezea baadaye.

"Mama Lusungu, hiyo simu yako ni mwajiriwa wa serikali? Mbona kila ikifika saa sita haipo ofisini?"

"Nitabadilisha betri."

"Lini?"

"Wiki hii."

"Wiki hii ya mwaka gani? Ngoja ngoja huumiza matumbo, dada. Haya, shika pawabenki yangu, chomeka hapa."

"Waya wangu umekatika," Tabita akasema. Waya ulikuwa mzima, umezungushwa vizuri ndani ya pochi yake. Violet aliuona kwa macho yake mawili, akamtazama Tabita, akairudisha pawabenki kwenye meza yake.

Ukweli ni huu, na tuuseme mapema usije ukamwonea mtu. Saa nane ndiyo saa ambayo mama yake Tabita alikuwa anapiga simu kutoka kijijini Ndalambo. Betri isipofika saa nane, mama hampati. Na Tabita alitaka iwe hivyo hivyo.

Mama huyo alikaa naye Sogea miaka mitatu. Mume wa Tabita alishatangulia siku nyingi, na binti yake Lusungu ameolewa Dodoma, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wawili. Mwanzoni mama alisahau sufuria jikoni. Baadaye akasahau ni siku gani, kisha akasahau mlango wa choo ni upi. Tabita alimwogesha, akamlisha, akamfulia mashuka kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, akamlipa msichana wa jirani akae naye mchana. Alipochoka alisema "nimechoka kidogo", akaendelea.

Kisha mwezi wa tatu, Jumapili moja, Tabita akiwa bafuni, mama alichukua jembe lililokuwa nyuma ya mlango akatoka. Alipita kwenye foleni ya malori, katikati ya yale matairi, akavuka mpaka. Nani angemuuliza bibi kizee mwenye jembe begani? Walimpata kesho yake Nakonde, kwenye baraza ya mama mmoja muuza mahindi, miguu imevimba, anasema anakwenda kupalilia ulezi.

Yonasi, kaka yake Tabita, akaja na wazee wawili wa ukoo. Kikao kikakaa. Ikaamuliwa mama aende Ndalambo kwa Yonasi, kule hakuna malori. Hakuna aliyemlaumu Tabita. Wazee hata walimpongeza, wakasema amejitahidi. Gari lilipoondoka na mama, Tabita alifurahi. Ndiyo, alifurahi, tusidanganyane. Aliingia ndani, akafua mashuka ya mama kwa mara ya mwisho, akayaanika, akayakunja, akakaa kitandani akisubiri kulia. Kilio hakikuja. Alisubiri mpaka maharage yakaungua jikoni, akainuka akaenda kuyatoa.

Tangu siku hiyo hakikuja kitu kingine chochote. Chakula hakikuwa na ladha, akakila. Kanisani waliimba, akafumbua mdomo pamoja nao. Violet akicheka, naye anacheka, anaanza alipoanza mwenzake na kumaliza alipomaliza. Wateja wa Nakonde walimwita "mayo", kwa Kibemba, kama wanavyomwita mama yeyote muuzaji, naye akawapimia kitenge bila kukosea hata inchi. Ukimgusa mkono alikuwa na joto kama watu wengine. Ndani hakuna kilichosogea.

Yonasi ndiye aliyepanga hiyo saa nane. Mama alikuwa anakula saa saba, analala kidogo, na akiamka saa nane akili inamrudia, safi kabisa, anajua watoto wake na vifo vyao na nani alizaliwa mwaka gani wa njaa. Inakaa hivyo karibu saa nzima, kisha inaondoka mpaka kesho. Na katika saa hiyo anachotaka ni kimoja, kuongea na Tabita. Basi Ketrina, mke wa Yonasi, alikuwa anapiga kwa simu ya mumewe inayobaki nyumbani, anampa mama, anarudi kwenye kazi zake.

"Na usizichezee hizo saa, dada," Yonasi alimwambia. "Daktari wa kituo cha afya amesema zitapungua. Iko siku ataamka saa nane na hatakujua tena. Ongea naye sasa wakati anakujua."

Tabita alielewa. Hakuna mtu wa kusema hakuambiwa.

Siku kumi na moja alipokea. Kila siku, kwa Kinamwanga, mama aliuliza kama amekula, kisha akasema:

"Tabita, njoo unichukue."

"Mama, tulikubaliana ukae kwa Yonasi."

"Nani alikubali?"

"Tulikaa kikao, mama."

"Mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Basi nimesahau. Njoo unichukue."

Hapo mteja anauliza bei, lori linapiga honi, na Tabita anaanza upya kumweleza mama mambo ya kikao, kwa sababu Tabita hajui kusema uongo. Alilelewa hivyo, na aliyemlea ni huyo huyo aliyeko kwenye simu. Simu ikikatwa, alijikuta ameshika mkasi na hajui alitaka kukata nini.

Siku ya kumi na mbili betri ilizima saa saba na nusu, yenyewe, bila kuombwa. Tabita alikaa na ile simu nyeusi mkononi akasikia soko lote limetulia, ingawa soko halikuwa limetulia hata kidogo. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Jioni akapiga kutoka nyumbani simu ikiwa kwenye chaji, akamwambia Ketrina, "Wifi, simu ilizima." Ilikuwa kweli. Ndiyo uzuri wake, ilikuwa kweli tupu.

Kesho yake, bila kujiuliza sana, alienda kwa Gasper. Moyo wa mtu una vyumba vingi, hicho kilichompeleka kwa fundi si hicho kilichofurahi mchana ule simu ilipozima. Gasper aliigeuza simu, akaichomeka kwenye kidude chake, akatikisa kichwa.

"Mama, hii ina mambo mawili. La kwanza betri imechoka. La pili, una laini ya huku na laini ya kule, simu inakimbizana na minara ya nchi mbili kutwa nzima. Hata mimi ningechoka."

"Sasa nitajuaje kama ni wakati wa kubadilisha, au itaendaenda hivi hivi?"

"Ukiona inazima kwenye thelathini, arobaini, wakati ulishapita. Hapo hiyo asilimia unayosoma inakudanganya tu. Nikuagizie, wiki ijayo ipo. Utaniachia simu asubuhi, maana imegundishwa, lazima niipashe moto niifungue taratibu."

Tabita akalipa. Wiki iliyofuata betri ikaja, Gasper akatuma ujumbe, Tabita akausoma akasema kesho. Kesho ikazaa kesho yake. Kwa nini? Kwa sababu betri mpya ingefika saa nane. Ingefika saa nane kila siku, na saa kumi, na saa mbili usiku, na yeye asingekuwa na "simu ilizima" ya kumwambia mtu. Angetakiwa ama kupokea, ama kukataa kwa mkono wake mwenyewe kupokea simu ya mama yake mzazi. La kwanza hakuliweza, la pili hakuna binti wa Kinamwanga angeliweza. Basi akaiacha betri mbovu imfanyie kazi hiyo.

Jioni akichomeka simu, jumbe zilikuwa zinaingia: umepigiwa wakati hupatikani. Mwezi wa nne zilikuwa tatu kwa siku, saa nane, saa nane na robo, saa nane na nusu. Ketrina hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Mwezi wa tano ulipoanza zikawa mbili, baadaye moja. Katikati ya mwezi wa tano hazikuja tena. Tabita aliona vizuri kabisa kwamba hakuna ujumbe, akaweka simu kifudifudi akaenda kulala.

Aliyeharibu utulivu huo ni Nikodemo. Huyu ni dereva wa kanta anayeleta ulezi na ufuta kutoka Momba, mtu wa Ndalambo hasa, nyumba yake inatazamana na ya Yonasi. Jumatano moja ya mwezi wa sita alikuja kumnunulia mkewe kitenge, na alipokuwa anachagua, akasema kwa furaha ya mtu aliyebeba habari njema:

"Dada Tabita, mama yako anakusifu, wewe! Kijiji kizima kimekoma. Anasema watoto wa siku hizi wameharibika wote isipokuwa wake, maana Tabita anampigia kila siku ya Mungu, saa nane kamili, hakosi."

Tabita alikuwa ameshika rula. "Anasema nampigia?"

"Kila siku! Ameniambia nikufikishie asante. Haya, asante yako hiyo. Hiki cha bluu kinachuja?"

"Hakichuji," Tabita akasema.

Violet alikuwa amesikia yote na ameshika kiatu kimoja hewani. Nikodemo alipoondoka, kiatu kikashuka polepole.

"Unampigia na nini, Mama Lusungu? Na rula?"

Tabita aliiweka rula chini. Alifikiri: basi akili imekwisha kabisa, mama sasa anaota mchana, anasikia simu ambazo hazikupigwa. Daktari alisema iko siku, na siku imefika wakati mimi nimekaa hapa nakunja vitenge. Aliwaza hivyo kwa maneno yaliyonyooka, kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine ukutani, na bado hakuna kilichomuuma. Hilo likamtisha kidogo. Lakini asante ile ilikuwa haimtoki, na ugali wa usiku ule aliuacha sahanini.

Alhamisi asubuhi alikuwa kwa Gasper kabla Gasper hajatoa meza nje.

"Leo jua limetokea Zambia," Gasper akasema. "Mama Lusungu huyu huyu, au mdogo wake?"

"Badilisha betri."

"Kawia ufike, mama. Nilishaanza kufikiri niifungulie betri yako kituo cha yatima."

Alipoipasha moto na kuinua kifuniko, alimwita aone. Betri ilikuwa imevimba kama andazi. Gasper akaitoa kwa uangalifu, akaiweka mbali peke yake juu ya bati, akasema ungeniletea mwezi wa nne isingefika huku, na mwezi mmoja mbele ingekulipukia kifuani. Tabita alisema ndiyo. Alikaa kwenye kigoda akatazama kila skrubu inavyotoka na inavyorudi. Saa sita simu ikawaka. Tarehe ilikuwa imepotea, inaonyesha mwaka ambao simu hiyo ilikuwa haijanunuliwa, basi Gasper akabonyeza mahali ijirekebishe yenyewe kutoka mtandaoni. Ikajirekebisha. Asilimia tisini na nane.

"Hiyo sasa hata ukiisahau, yenyewe haitakusahau," Gasper akasema.

Akarudi mezani. Violet hakuwepo, alikuwa amevuka kwenda Nakonde kufuata marobota ya viatu, na kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumchekesha. Tabita aliiweka simu juu ya rundo la vitenge, mbele yake, kioo juu. Tisini na saba. Tisini na sita. Ilishuka moja moja, kwa adabu, kama mtu anayeshuka ngazi ameshika ukuta. Alikuwa ameizoea simu inayoanguka, hii ya kushuka ilimwogopesha. Akapanga la kusema. Mama, nisamehe. Hapana, atauliza kwa nini. Mama, simu ilikuwa mbovu. Ndiyo, lakini betri ilikuwa kwenye droo miezi miwili. Akapanga na kupangua mpaka simu ikaonyesha saa nane kamili.

Hakuna aliyepiga. Saa nane na dakika mbili. Saa nane na dakika nne, asilimia tisini na moja, mtandao umejaa mpaka juu. Basi Tabita akaona leo ni zamu yake. Akapiga.

Iliita mara tano. Mara zote alizopokea zamani, sauti ya kwanza ilikuwa ya Ketrina. Leo alipokea mama mwenyewe.

"Haloo."

"Mama, ni mimi."

"Nani?"

"Tabita, mama."

Kuku alilia mahali fulani karibu na simu.

"Hapana," mama akasema, kwa upole kabisa. "Tabita nimeshaongea naye leo. Ametoka kupiga sasa hivi, tumeagana. Wewe ni nani, mama?"

Alimwita mama, kama unavyomwita mwanamke usiyemjua dukani au njiani, ili usimvunjie heshima.

"Mama, ni Tabita. Wa Sogea."

"Mwanangu huyo ana sauti yake, naijua. Wewe umekosea namba. Usihuzunike, watu wanakosea, hizi namba ni ndefu." Kisha akageukia pembeni akapaza sauti. "Ketrina! Njoo, kuna mama wa watu amepotea kwenye simu."

Tabita alisikia ndala zikija, simu ikibadilisha mikono, na Ketrina akiuliza nani mwenzangu.

"Wifi, ni mimi."

Ndala zikatoka, mlango ukafungwa, na sauti iliporudi ilikuwa ya nje, yenye upepo.

"Wifi. Simu yako imepona."

"Nimebadilisha betri. Nilisema nipige saa nane yake."

"Lakini wifi, hii saa tisa."

Tabita akaitoa simu sikioni akaitazama. Saa nane na dakika saba, ilisema, bila aibu. Akamuuliza muuza nyanya wa ng'ambo ya njia, saa ngapi, naye akasema saa tisa na dakika saba. Simu ilikuwa imeshika mnara wa Zambia, na Zambia wako nyuma yetu saa nzima. Mtoto wa darasa la pili wa Tunduma anajua kwamba simu ikiachiwa ijirekebishe yenyewe, itachagua nchi inayotaka. Wageni ndio wanaokosa mabasi kwa ajili hiyo. Tabita, mzaliwa wa Momba, mkazi wa Tunduma miaka ishirini na sita, alikuwa amekaa mbele ya saa ya watu wa Nakonde akisubiri mama yake.

"Wifi," akasema, "mama anasema ameshaongea na Tabita."

"Ameongea naye, ndiyo."

"Tabita gani?"

Ketrina alishusha pumzi. Alipoanza kusema, hakusema kwa kuomba msamaha, na alikuwa na haki.

"Ulitaka nifanye nini? Nina shamba, nina watoto, nina mama mkwe anakaa na simu mapajani kuanzia saa nane mpaka jua linazama. Nikimwambia hupatikani, anasema ngoja mtandao utakuja. Jioni hali. Anasema Tabita akipiga atakuta nimeshika kijiko. Siku moja nilikuwa napepeta maharage nyuma ya jiko, namwona kupitia dirishani, ameishika simu hivi kwa mikono miwili. Nikachukua simu yangu, nikapiga ile ya Yonasi aliyoshika. Akapokea. Nikasema, mama, ni Tabita. Mungu anisamehe."

"Akasema nini?"

"Akafurahi. Akala chakula chote."

"Na sauti?"

"Siku za kwanza alisema mbona sauti yako iko mbali. Nikasema ni mtandao. Sasa ameizoea, wifi. Ni wiki ya tano hii."

Hapo ndipo ilipouma. Haikuanza taratibu. Ilimshika chini ya mbavu kwa mara moja, ikapanda, na Tabita akalazimika kuegemea meza kwa mkono mmoja. Iliuma kwa ajili ya mama mwenye simu mikono miwili, kwa ajili ya zile siku zote alizoziachia ziende, na iliuma kwa wivu pia, ndiyo, wivu mchungu juu ya mwanamke mwingine anayeitwa mwanangu nyuma ya jiko la Ndalambo. Tangu mwezi wa tatu hakuwa ameumwa na kitu. Alishangaa kwamba mtu anaweza kubeba jambo kubwa hivyo na bado akasimama.

"Wifi, uko?" Ketrina akauliza, safari hii kwa upole. "Nimpe simu? Nitamweleza mimi."

"Usimpe," Tabita akasema. "Leo ameshaongea na mimi."

Upepo wa Ndalambo ukavuma kwenye simu.

"Na kesho?" Ketrina akauliza. "Kesho apige nani?"

Tabita akatazama kioo. Asilimia themanini na tisa.

"Kesho napiga mimi. Saa nane ya huku kwetu, nitamuuliza muuza nyanya." Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Wifi, huwa ninamwambia nini?"

Ketrina hakucheka. Alimpa yote, kama anayempa mtu maelekezo ya njia. "Unaanza na kumuuliza kama amekula. Atasema hajala hata kama amekula, usibishane naye. Anakuuliza vitenge vinatoka. Unamwambia vinatoka. Anakuambia njoo unichukue. Unamwambia nakuja, mama."

"Namwambia nakuja?"

"Nakuja, mama. Basi. Usimtajie kikao, wifi, kikao kinamliza. Ukisema unakuja anatulia, anaanza kukuambia habari za kuku. Unasikiliza za kuku. Yeye ndiye anakata, wewe usimkatie."

"Na mimi nakuja kweli?"

"Hilo ni lako," Ketrina akasema. "Mimi nimekusaidia hapo tu."

Ijumaa Violet alirudi na viatu vyake akaikuta simu iko hai saa saba na nusu, akaanza kusema kitu, akamwona Tabita usoni, akageuka akaanza kupanga raba. Tabita alimuuliza muuza nyanya saa mara nne. Mara ya nne muuza nyanya akamwambia, mama, ikifika nitakuita. Ilipofika akamwita.

Simu ya Ndalambo iliita mara mbili tu.

"Tabita?"

"Ndiyo, mama. Umekula?"

Mama hakujibu swali la chakula. Alikaa akisikiliza, Tabita alimsikia anavyosikiliza.

"Mbona sauti yako leo si yako?" mama akasema. "Una mafua?"

Tabita, asiyejua kusema uongo, alifunga macho. "Ndiyo, mama. Nina mafua kidogo."

"Pole, mwanangu. Ni baridi ya huko Tunduma. Vaa sweta. Kunywa maji ya moto."

"Nitakunywa. Nakuja, mama. Nakuja kukuchukua."

Lilimtoka kabla mama hajaomba, na lilipotoka pua ikaanza kumchuruzika, na machozi yakafuata, hapo hapo mbele ya vitenge na wateja na Violet, akavuta pua kwa nguvu.

"Si unaona?" mama akasema. "Usije hivyo hivyo. Pona kwanza, halafu uje."